Msimu wa Siku 352: Ligi Kuu ya Uingereza 2019–20 na Bao Ambalo Mtambo Haukuliona

Msimu wa kawaida wa Ligi Kuu ya Uingereza huchukua takriban miezi tisa, kuanzia Agosti hadi Mei, na katika muda huo klabu 20 hukutana mara mbili mbili, nyumbani na ugenini, hadi kila moja iwe imecheza mechi 38 na ligi nzima iwe imetimiza mechi 380. Msimu wa 2019–20 ulianza Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2019, na ukamalizika Jumapili, tarehe 26 Julai 2020, yaani siku 352 baadaye, kwa kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 uliweka pengo la siku 100 kati ya mechi ya mwisho ya Machi na mechi ya kwanza ya Juni. Watu wengi huutaja msimu huo kwa jina la Liverpool, klabu iliyotwaa ubingwa baada ya kuusubiri kwa miaka 30. Makala haya yanashikilia kwamba ubingwa huo, pamoja na ukubwa wake wote, ndio sehemu ya msimu inayohitaji maelezo machache zaidi. Namna ligi inavyotoa hukumu zake ilionekana waziwazi zaidi mkiani mwa msimamo, ambako klabu moja ilinusurika kushuka daraja kwa pointi moja tu, na ambako mwaka ule yalielekea pia macho ya wapenzi wengi wa kandanda wanaozungumza Kiswahili.

Ubingwa wenyewe haukuacha shaka yoyote. Liverpool ya kocha Mjerumani Jürgen Klopp ilifungua msimu kwa kuifunga Norwich City 4–1 katika uwanja wa Anfield, na bao la nne usiku ule lilifungwa kwa kichwa na Divock Origi, mshambuliaji wa Ubelgiji ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars ya Kenya. Katika mechi 27 za kwanza timu hiyo ilishinda 26 na kutoka sare moja tu, ya 1–1 dhidi ya Manchester United tarehe 20 Oktoba, hadi ilipofika kwa Watford tarehe 29 Februari 2020 na kufungwa 3–0, kipigo kilichokata mfululizo wa mechi 44 za ligi bila kupoteza. Ligi iliposimama mwezi Machi, Liverpool ilikuwa na pointi 82 kutokana na mechi 29, pointi 25 mbele ya Manchester City iliyokuwa na mechi moja ya kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa iliyoifanya iwe imecheza mechi moja pungufu. Ilimaliza na pointi 99, baada ya kushinda mechi 32, kutoka sare tatu na kufungwa tatu.

Nguvu hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa pamoja na msimu wa 2018–19, ambapo Liverpool ilipata pointi 97, ikapoteza mechi moja tu, na bado ikawa ya pili nyuma ya Manchester City yenye pointi 98. Mechi hiyo moja ilichezwa katika uwanja wa Etihad tarehe 3 Januari 2019, na ndani yake beki wa City, John Stones, aliuondoa langoni mpira uliokuwa umebakiza kadiri ya sentimita moja kuuvuka mstari wote. Aliyetoa hukumu hiyo hakuwa mwamuzi bali mtambo wa mstari wa goli, ambao Ligi Kuu imekuwa ikiutumia tangu msimu wa 2013–14: kamera saba zilizopangwa juu ya majukwaa huufuatilia mpira katika kila lango, na mara mpira wote unapovuka mstari, ishara hutumwa ndani ya sekunde moja kwenye saa aliyoivaa mwamuzi mkononi. Kwa mashabiki wa Liverpool sentimita ile ilikuwa jeraha, na mtu anayeusoma msimu uliofuata ana haki ya kuona kwamba timu iliyoumizwa hivyo ilirudi ikiwa imekusudia kutoacha mwanya ambamo jambo dogo lingeweza tena kuamua jambo kubwa. Kwa sababu hiyo kileleni mambo yalikwisha mapema, na hata miezi mitatu ya kufungiwa ndani haikuweza kubadili chochote isipokuwa tarehe na ukimya wa viwanja.

Kabla ya ligi kusimama yalitokea mengine ambayo hayawezi kupitwa bila kutajwa. Tarehe 25 Oktoba 2019 Leicester City iliifunga Southampton 9–0 kwao Southampton, ushindi mkubwa kuliko wote uliowahi kupatikana ugenini katika daraja la juu la soka la Uingereza tangu ligi ilipoanzishwa mwaka 1888, na Jamie Vardy, aliyefunga matatu kati ya mabao hayo, akamaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 23 akiwa na umri wa miaka 33. Uongozi wa Southampton haukumfukuza kocha wake, Ralph Hasenhüttl, na timu ikainuka hadi nafasi ya 11. Watford ilichagua njia nyingine: ilianza msimu na Javi Gracia, ikamrudisha Quique Sánchez Flores aliyewahi kuifundisha, ikamwajiri Nigel Pearson mwezi Desemba, kisha ikamwondoa Pearson, yuleyule aliyeifunga Liverpool, zikiwa zimesalia mechi mbili tu. Subira ya Southampton na pupa ya Watford zinastahili kuwekwa bega kwa bega na kila kiongozi wa klabu anayeshawishika kumfukuza kocha baada ya kipigo kimoja.

Huo ulikuwa pia msimu wa kwanza wa VAR katika Ligi Kuu, yaani utaratibu wa kuwasaidia waamuzi kwa picha za video, ambao wasimamizi wake walikaa mbele ya skrini katika kituo cha Stockley Park, magharibi mwa London. Shida yake kubwa ilijitokeza katika kosa la kuotea, ambalo ni la mshambuliaji anayekuwa karibu na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu pinzani wakati anapopigiwa pasi, kwa sababu kipimo kilichowahi kufanywa kwa macho sasa kilifanywa kwa mistari iliyochorwa juu ya picha, na watu wakashuhudia mabao yakikataliwa kwa upana wa bega. Tarehe 2 Novemba 2019, huko Villa Park, bao la Roberto Firmino wa Liverpool lilifutwa kwa maelezo kwamba kwapa lake lilikuwa mbele ya beki wa mwisho. Inafaa kuukumbuka uwanja huo, kwa kuwa miezi saba baadaye mitambo ya ligi hiyohiyo, iliyoweza kuliona kwapa, ingeshindwa kuuona mpira mzima.

Villa Park ni nyumbani kwa Aston Villa, klabu ya Birmingham iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1982, ikashuka daraja mwaka 2016 na kurejea Ligi Kuu mwezi Mei 2019 baada ya kuifunga Derby County katika mchezo wa mwisho wa mchujo wa kupanda daraja uliochezwa Wembley. Tarehe 1 Januari 2020 Villa iliifunga Burnley 2–1 ugenini, lakini ikalipa gharama ambayo hakuna aliyeweza kuikadiria siku ile: kipa wake namba moja, Tom Heaton, na mshambuliaji wake wa Kibrazili, Wesley, wote wawili waliumia magoti na kukosa msimu wote uliobaki. Pengo la mshambuliaji ndilo lililomleta Mbwana Samatta wa Tanzania, na pengo la kipa ndilo lililomfanya Ørjan Nyland wa Norwe awe langoni jioni ya tarehe 17 Juni. Ni mara chache majeraha ya mchana mmoja yamewahi kuzaa sehemu mbili za hadithi moja kwa namna hiyo.

Samatta hakuwa Mwafrika Mashariki wa kwanza kuonekana katika ligi hiyo, kwa maana Victor Wanyama wa Kenya alikuwa ameingia na Southampton tangu mwaka 2013 kabla ya kuhamia Tottenham Hotspur, aliyoiaga mwezi Machi 2020 kwenda Montreal. Lakini alikuwa Mtanzania wa kwanza, na safari yake ilikuwa imepita katika ngazi ambazo mashabiki wa nyumbani walizijua moja baada ya nyingine: Simba ya Dar es Salaam, TP Mazembe ya Lubumbashi aliyotwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015 na kupata tuzo ya mchezaji bora wa mwaka anayecheza ndani ya Afrika, kisha Genk ya Ubelgiji aliyochukua nayo ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2019. Akiwa Genk alikuwa amekwisha kufunga Anfield kwa kichwa, tarehe 5 Novemba 2019, katika mechi ya Ligi ya Mabingwa ambayo Liverpool ilishinda 2–1. Villa ilimsajili tarehe 20 Januari. Tarehe 1 Februari, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, alifunga dhidi ya Bournemouth, ingawa Villa ilipoteza 2–1. Na tarehe 1 Machi, katika fainali ya Kombe la Ligi huko Wembley, aliurukia mpira uliopigwa na Anwar El Ghazi na kuusukuma kwa kichwa wavuni mwa Manchester City, bao lililoipa Villa matumaini hadi kipenga cha mwisho cha mechi ambayo City ilishinda 2–1.

Maana ya bao hilo kwa Tanzania haipimwi kwa kombe lililokosekana. Kwa muda mrefu ushabiki wa ligi ya Uingereza katika Afrika Mashariki ulikuwa umegawanywa baina ya klabu chache kubwa, Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool, na katika vibanda umiza, yaani mabanda ambako watu hulipa kiingilio kidogo ili watazame mpira kwenye televisheni, mechi za timu za mkiani zilikuwa za kupitisha muda tu. Kuanzia mwisho wa Januari mwaka ule watu walianza kuhesabu pointi za kunusurika, wakijiuliza Watford imefanya nini na West Ham imebakiza mechi zipi, kwa sababu Samatta, kijana wa Mbagala, alikuwa upande ule wa jedwali. Walijifunza kwa njia hiyo kwamba ligi moja hubeba ndani yake mashindano mawili, na kwamba yale ya chini yana uchungu ambao shabiki wa klabu kubwa haujui kabisa.

Tarehe 9 Machi Villa ilifungwa 4–0 na Leicester, nayo ikawa mechi ya mwisho kabla ya kimya. Siku mbili baadaye Liverpool iliikaribisha Atlético Madrid katika Ligi ya Mabingwa mbele ya uwanja uliojaa, wakiwemo wageni wapatao 3,000 kutoka Madrid, jiji ambalo maambukizi yalikuwa yamekwisha kuenea. Uamuzi wa kuiruhusu mechi ile iendelee ulikuwa kosa zito, na kulitaja hivyo ni haki ya watu wa Liverpool. Usiku wa tarehe 12 Machi ilitangazwa kwamba kocha wa Arsenal, Mikel Arteta, alikuwa ameambukizwa, na kesho yake ligi ikasimamishwa. Msiba haukuchagua mlango. Pep Guardiola wa Manchester City alimpoteza mama yake mwezi Aprili, na mwishoni mwa Mei kocha wa Villa, Dean Smith, alifiwa na baba yake, mzee aliyekuwa shabiki wa klabu hiyo na aliyewahi kufanya kazi ya kuwahudumia watazamaji katika majukwaa ya Villa Park.

Swali lililobaki lilikuwa namna ya kuumaliza msimu ambao ulikuwa na mechi 92 zisizochezwa. Ufaransa iliifunga ligi yake mwishoni mwa Aprili na kupanga nafasi kwa wastani wa pointi, yaani kwa kugawanya pointi za kila timu kwa idadi ya mechi ilizocheza, na Scotland ikafanya vivyo hivyo mwezi Mei, ikaishusha Hearts ya Edinburgh kabla haijapewa nafasi ya kujiokoa uwanjani. Upande wa Afrika Mashariki, Kenya iliihitimisha ligi yake mwishoni mwa Aprili kwa kuitangaza Gor Mahia bingwa, ilhali Tanzania iliirejesha ya kwake mwezi Juni. Laiti Uingereza ingechagua wastani, hukumu ingekuwa rahisi kuisoma: Villa, yenye pointi 25 katika mechi 28, ingekuwa na wastani wa 0.89, huku Bournemouth, Watford na West Ham, zenye pointi 27 katika mechi 29 kila moja, zikiwa na 0.93. Norwich, Villa na Bournemouth zingeshuka, Watford ingebaki. Kwa hiyo uamuzi wa kucheza mechi zilizobaki, kabla haujapigwa mpira hata mmoja, ulikuwa umekwisha kuwapa watu wa Birmingham uhai ambao hesabu za mezani zingewanyima, na hakuna uamuzi wa mwamuzi yeyote, wa uwanjani au wa kwenye skrini, uliokuwa na uzito kama huo katika msimu mzima.

Kilichosukuma uamuzi huo ni televisheni. Mapato ya klabu za Ligi Kuu hutegemea zaidi haki za matangazo kuliko viingilio, na msimu usiomalizika ungekuwa na maana ya kuwarudishia watangazaji fedha nyingi mno. Hata baada ya mechi zote kuchezwa, hesabu za kampuni ya Deloitte zilionesha kwamba mapato ya pamoja ya klabu hizo yalishuka kwa takriban asilimia 13, hadi pauni bilioni 4.5. Hakuna aibu katika kusema kwamba fedha ndizo zilizoirudisha ligi, kwa kuwa fedha hizo ndizo mishahara ya maelfu ya wafanyakazi wasiojulikana majina. Linalouma ni kuona fedha hizo zilikoishia kufika. Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza haikurejea; ilifungwa mwezi Mei na ubingwa ukatolewa kwa wastani kwa Chelsea, ingawa Manchester City ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa pointi moja, na timu ya wanawake ya Liverpool ikashushwa daraja katika mwaka uleule ambao timu ya wanaume ya klabu hiyo ilikuwa ikingoja kuvishwa taji. Mwanzoni mwa msimu huohuo, tarehe 27 Agosti 2019, Bury, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilifukuzwa katika mfumo wa ligi kwa sababu ya matatizo ya kifedha, ikiwa mwendo mfupi tu kutoka viwanja vya klabu mbili tajiri za Manchester. Ligi yenye uwezo wa kupima, kutenga na kulinda afya ya wanaume wa klabu 20 kwa ajili ya mechi 92 ilikuwa ndani ya mchezo uleule ulioshindwa kufanya hivyo kwa wanawake, na tofauti hiyo haikuletwa na ugonjwa, ilikuwapo kabla yake.

Mpira ulirejea Jumatano, tarehe 17 Juni 2020, Villa ikiikaribisha Sheffield United katika kile kilichokuwa kiporo cha timu zote mbili. Majukwaa yalikuwa matupu, mipira ilipulizwa dawa, makocha waliruhusiwa kubadili wachezaji watano badala ya watatu, na mahali pa majina ya wachezaji mgongoni paliandikwa maneno ya kudai kwamba uhai wa watu weusi una thamani, kufuatia kuuawa kwa George Floyd huko Minneapolis. Kipenga kilipopulizwa, wachezaji wote pamoja na mwamuzi walipiga goti moja kwa sekunde kadhaa, na uwanja mtupu ukalifanya tendo hilo lionekane zito zaidi kuliko ambavyo lingeonekana mbele ya kelele za watu 40,000.

Katika dakika ya 42 Oliver Norwood wa Sheffield United alipiga mpira wa adhabu kutoka pembeni kuelekea lango la Villa. Nyland aliudaka, lakini katika msongamano wa wachezaji alirudi nyuma nao hadi akaupitisha mpira wote ndani ya mstari, akiukumbatia kifuani karibu kabisa na mwamba wa pembeni. Wachezaji wa Sheffield United walimkimbilia mwamuzi Michael Oliver, naye akawaonesha saa yake, ambayo haikuwa imetoa ishara yoyote. Baadaye Hawk-Eye, kampuni inayoendesha mtambo huo, iliomba radhi na kueleza kwamba kamera zote saba zilikuwa zimezibwa na kipa, beki na mwamba kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana katika mechi zaidi ya 9,000 ambazo mtambo ulikuwa umetumika. Picha za televisheni ziliuonesha mpira ukiwa ndani kwa uwazi ambao mtoto wa shule angeutambua, na chumba cha VAR kilikuwa na ruhusa ya kuzitazama, lakini hakikuingilia kati, kwa vile mtambo uliaminika kiasi kwamba ukimya wake ulichukuliwa kuwa ni jibu. Mechi ilikwisha kwa suluhu ya 0–0.

Jambo hili linastahili kufikiriwa polepole, kwa sababu ndani yake kuna funzo linalopita mpira. Zamani mwamuzi asiyeona alijua kwamba hakuona, akamgeukia msaidizi wake aliyeshika kibendera, na wote wawili wakabeba lawama ya walichoamua. Jioni ile kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwamini mwenzake: mwamuzi aliiamini saa, saa ilizitegemea kamera, waliokaa Stockley Park walimwachia mwamuzi, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuutazama mpira kwa macho na kusema umeingia. Sentimita moja ya Etihad ilionekana, na mpira mzima wa Villa Park haukuonekana. Wanaodai mitambo iondolewe hawana hoja, kwa kuwa katika maelfu ya mechi imeondoa dhuluma nyingi. Lakini wanaodai kwamba ligi iliyo na mitambo haihitaji tena jicho na ujasiri wa mwanadamu walijibiwa siku ile.

Hesabu ya mwisho wa msimu ndiyo iliyoipa suluhu ile uzito wake. Villa ilimaliza ya 17 na pointi 35, na nyuma yake zikaja Bournemouth na Watford zenye pointi 34 kila moja, kisha Norwich iliyobaki na pointi zake 21 baada ya kupoteza mechi zote tisa tangu ligi iliporejea. Bao la dakika ya 42 halikuwa lazima lilete ushindi, kwa kuwa kilibaki kipindi kizima cha kusawazisha, na hakuna anayeweza kujua mechi 91 zilizofuata zingekwendaje. Hata hivyo, kama mechi ile ingeisha 1–0 na mengine yote yakabaki yalivyo, Villa ingekuwa na pointi 34 na upungufu wa mabao 27, yaani ingekuwa imefungwa mabao 27 zaidi ya iliyofunga, wakati Bournemouth, yenye pointi hizohizo, ilikuwa na upungufu wa mabao 25. Villa ingeshuka na Bournemouth ingebaki.

Bournemouth haikuwa klabu ya kuonewa huruma ya jumla tu. Uwanja wake uliingiza watazamaji wapatao 11,300, na msimu wa 2008–09 iliuanza katika daraja la nne ikiwa imekatwa pointi 17 kwa sababu ya madeni, hadi kijana wake wa zamani, Eddie Howe, alipoinusuru na kisha kuipandisha ngazi kwa ngazi mpaka Ligi Kuu mwaka 2015. Ni kweli kwamba tangu Juni ilijipatia pointi saba tu katika mechi tisa, na timu inayopata pointi saba haiwezi kuwatupia wengine mzigo wote. Lakini ukweli huo haufuti ule mwingine, kwamba kazi ya miaka 11 ilifungwa kwa tofauti ya pointi moja ambayo mpinzani wake aliipata katika jioni ya kosa lililokiriwa hadharani, na kwamba kanuni hazikuwa na mlango wowote wa kulirekebisha.

Villa nayo haikupewa bure ilichokipata. Zikiwa zimesalia mechi nne ilikuwa na pointi 27, ikiwa nyuma kwa pointi saba, na wengi waliikatia tamaa. Ikaifunga Crystal Palace 2–0 na Arsenal 1–0, mabao yote matatu yakifungwa na Trezeguet wa Misri, na katikati yake ikatoka sare na Everton. Kabla ya hapo, tarehe 25 Juni, Chelsea ilikuwa imeifunga Manchester City 2–1 na kuipa Liverpool ubingwa zikiwa zimebaki mechi saba, mapema kuliko bingwa yeyote kwa hesabu ya mechi na kwa kuchelewa kuliko wote kwa hesabu ya kalenda. Kenny Dalglish, aliyekuwa kocha wa ubingwa wa mwisho wa mwaka 1990, alishiriki kuwakabidhi wachezaji taji tarehe 22 Julai, juu ya jukwaa la Kop la Anfield lisilokuwa na watu.

Siku ya mwisho, tarehe 26 Julai, Bournemouth ilifanya iliyopaswa kufanya, ikaifunga Everton 3–1 ugenini, na Watford ikafungwa 3–2 na Arsenal. Huko kwa West Ham, Jack Grealish, mzaliwa wa Birmingham na shabiki wa Villa tangu utotoni, alifunga katika dakika ya 84. Dakika moja baadaye Andriy Yarmolenko akasawazisha, na dakika zilizobaki, zile ambazo watangazaji wa Kiswahili huziita za lala salama, hazikuwa na usalama wowote, kwa kuwa bao moja zaidi la West Ham lingewashusha wageni na kuwabakisha Bournemouth. Halikupatikana. Howe aliiacha Bournemouth siku chache baadaye.

Samatta alimaliza na mechi 14 za Ligi Kuu na bao lile moja la Februari, na mwezi Septemba akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Istanbul, Villa ikiwa imemnunua mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, na kipa mpya, Emiliano Martínez. Tarehe 4 Oktoba 2020 Villa iliikaribisha Liverpool katika uwanja uleule wa Villa Park, majukwaa yakiwa bado matupu, na kuwafunga mabingwa 7–2.